Yethro Alipofika Kambini

Neno la kusoma: Kutoka 18:1–27



Twawasalimu kutoka huku mpakani, Busia na Malaba, mahali ambapo husemwa kwamba ndipo lilipozaliwa neno bodaboda. Wazee wetu wakumbuka vijana wenye baiskeli katika miaka ya 1960, wakiwabeba watu na mizigo kutoka kituo cha Kenya hadi kituo cha Uganda, na kuwaita abiria kwa Kiingereza chao cha njiani, hata mwito ule ukawa jina. Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima. Tumeanza na kijana wa baiskeli kwa kuwa mazungumzo yetu usiku wa leo yawahusu wale wanaowabeba wenzao.

Nao ni wengi. Yuko chifu na naibu wake. Yuko mwalimu mkuu mwenye watoto mia nane na madarasa tisa. Yuko mama mwenyekiti wa akina mama wanaovuka kila siku na nyanya, mayai na samaki wakavu. Mzigo ukizuiliwa forodhani, simu ya kwanza yampigia yeye. Yuko mwenyekiti wa steji, katibu wa mawakala wa forodha, mwakilishi wa wadi, mzee wa kijiji, kasisi. Na nyuma yao wako wanaochipuka: binti wa miaka ishirini na miwili aliyechaguliwa juzi kuwa katibu wa KAYO, shemasi anayengojea kuwekewa mikono, kijana aliyepewa kuongoza wenzake arobaini kwa sababu tu hajui kugombana.

Hao wote twawaombea kila Jumapili. Hilo ni jema, na tuendelee nalo. Lakini kumwombea mtu ni jambo moja, na kumwuliza kama amelala usiku ni jambo jingine.

Hebu tufungue Kitabu cha Kutoka, mlango wa kumi na nane. Musa amekwisha kuwavusha watu bahari, amewapatia maji, Amaleki ameshindwa, na sasa wamepiga kambi karibu na mlima wa Mungu. Ndipo anapofika mtu wa ng'ambo. Ni Yethro, kuhani wa Midiani, baba wa mkewe Musa. Angalieni alikuja na nini. Hakuja na hotuba. Alikuja na Sipora, ambaye Musa alikuwa amemrudisha kwao, pamoja na watoto wawili, Gershomu na Eliezeri. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kiongozi mkuu wa taifa lile alikuwa akikaa kambini bila mke wala watoto, na katika umati ule wote hatusomi habari za mtu hata mmoja aliyemwuliza juu yao.

Wakaingia hemani. Siku ya kwanza Yethro hakutoa shauri lolote. Waliulizana hali, kama watu wenye adabu wafanyavyo, kisha Musa akasimulia na Yethro akasikiliza. Wala Musa hakusimulia ushindi peke yake. Maandiko yasema wazi kwamba alieleza na taabu zilizowapata njiani. Baadaye wakala chakula pamoja. Siku ya pili Yethro aliitazama kazi ya Musa tangu asubuhi hata jioni. Kutwa nzima ya kutazama! Ndipo aliposema, na neno lake la kwanza juu ya kazi ile lilikuwa swali: kwa nini waketi peke yako? Akamwonyesha kwamba kazi ile ingemchosha Musa, tena ingewachosha na watu waliosimama wakimngoja. Sehemu hiyo ya pili twaisahau mara nyingi. Kiongozi aliyechoka hachoki peke yake.

Mlango ule wamalizika kwa Yethro kwenda zake katika nchi yake. Hakuomba cheo. Hakubaki kuwa mkubwa wa mkubwa.

Mara nyingi mlango huu huhubiriwa wakati wa kuchagua wazee wa kanisa, kwa habari ya wakuu wa maelfu na wakuu wa makumi. Sisi wenyewe tumeuhubiri hivyo. Lakini yaliyotendeka hemani siku ile ya kwanza yafanana mno na kazi ya mtu tumwitaye siku hizi mshauri nasaha, na hiyo ndiyo kazi tunayotaka kuieleza, kwa kuwa wengi waiogopa bila kuijua.

Jina lenyewe latutatiza. Katika usemi wetu wa kila siku, mshauri ni yule akuambiaye la kufanya. Mshauri nasaha aliyefundishwa vizuri hafanyi hivyo, au hufanya kwa nadra sana. Yeye si daktari wa kutoa dawa, ingawa akiona haja atakupeleka kwa daktari. Si mchungaji, wala hakupi ondoleo la dhambi. Kazi yake ni kusikiliza kwa ujuzi, na kuuliza kwa namna ambayo wewe mwenyewe waanza kuyasikia maneno yako. Mtu huketi naye kwa muda wa saa moja hivi, mara moja kwa juma au kila baada ya majuma mawili. Mlango hufungwa na simu huzimwa. Yasemwayo humo hubaki humo. Iko mipaka, nayo mshauri mwema huitaja siku ya kwanza: ikiwa uhai wa mtu uko hatarini, wako au wa mwingine, au ikiwa mtoto anadhulumiwa, hapo hawezi kunyamaza. Mengine yote ni siri.

Sasa, jambo hilo lamsaidiaje kiongozi? Kiongozi ana watu wengi wa kuzungumza nao, lakini hana wa kuambia. Fikirini chifu wetu. Akimwambia naibu wake kwamba amechoka, kesho itasemwa kwamba anaondoka. Akimwambia mkewe, mama wa watu halali. Akimwambia mkubwa wake wa kazi, ataandikwa. Akituambia sisi makasisi, huenda tukamwombea kwa sauti kubwa mbele ya watu, kwa nia njema kabisa, na mji mzima ukajua. Kila anayemsikiliza anamhitaji, na kwa hiyo kila anayemsikiliza husikia nusu. Mshauri nasaha hahitaji kitu kwake. Hatafuti saini yake, wala mwanawe hatafuti kazi. Ni mtu wa ng'ambo, kama Yethro.

Katika saa hiyo wanaweza kuvitenganisha vitu viwili ambavyo kwetu vimegandamana sana, yaani mtu na kiti chake. Mwenyekiti akitukanwa sokoni, waliomtukana wanakitukana kiti, kwa habari ya ushuru au foleni. Lakini akosaye usingizi usiku ni mtu. Mshauri humsaidia kuuliza: katika maneno haya, lipi langu, lipi la kiti? Pia humsaidia kuzitambua dalili zake mwenyewe mapema. Shirika la Afya Duniani, mwaka wa 2019, liliueleza uchovu wa kazi uliopita kiasi, likautaja kwa mambo matatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kujiona hafanyi la maana. Halikuuita ugonjwa. Lilisema ni jambo litokanalo na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa vizuri. Sisi twaongeza kwa macho yetu wenyewe: kiongozi mwenye fedha akifika hapo hunywa, na kiongozi mwenye dini huhubiri kwa sauti zaidi.

Watu wa hapa hawatumii maneno ya madaktari. Husema nawaza sana, kichwa chawaka moto, moyo ni mzito. Mshauri anayefanya kazi katika mji ambapo Ateso, Kiluhya, Kiswahili na Kiganda vyasikika katika duka moja imempasa ayajue maneno hayo na kuyaheshimu. Mtu asemaye kwamba kichwa chawaka moto huenda hana malaria.

Tena miji yetu ya mpakani ina mizigo yake. Mapema mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, Wakenya wenzetu walivuka hapa wakikimbilia Uganda, upande wa Tororo, na viongozi wa hapa wakawapokea na kuwasindikiza, wengine usiku. Mwaka wa 2020, korona ilipoingia, malori yalipanga foleni ya makilomita mengi nyuma ya Malaba, madereva wakingojea majibu ya kupimwa, na watu wakiwaogopa kama ukoma. Chifu ilimpasa kutekeleza amri ambazo jirani zake walizichukia. Kasisi alizika watu bila kuruhusiwa kuwakumbatia wafiwa. Foleni zilikwisha. Hatukumbuki kikao hata kimoja kilichoitwa ili kuwauliza viongozi wale walibaki na nini mioyoni.

Na liko la zamani zaidi. Mwezi wa Agosti 1990 waziri mmoja wa serikali alimwonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Eldoret kwamba akikanyaga Busia hatatoka akiwa hai. Askofu alikuja tarehe 14 Agosti. Alipokuwa akirejea, gari lake liligongana na lori, akafa. Waziri yule alijiuzulu. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi, na twakumbuka watu wazima wakizungumza kwa sauti ya chini. Tangu siku ile tumesikia mahubiri mengi juu ya ujasiri wa Askofu Muge, nayo ni haki yake. Hatujasikia hata moja lililouliza jinsi walivyolala makasisi waliobaki katika makanisa haya majuma yaliyofuata, wakijua kwamba kusema kweli madhabahuni kwaweza kuitwa uchochezi. Tumewafundisha viongozi wetu kuwa majasiri. Mahali pa kuuweka woga wao hatukuwafundisha.

Wapenzi wasikilizaji, tumesita kuyasema yafuatayo, lakini mwenyewe ametupa ruhusa, mradi tusimtaje jina.

Miaka kadhaa kabla ya korona tulikuwa na mwinjilisti kijana katika parokia yetu, si mbali na Malaba. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alijua kuhubiri, alijua kuimba, alijua hesabu za sadaka. Kwa kuwa alijua, tulimpa. Tulimpa makanisa mawili ya kutunza, kisha kwaya, kisha vijana, kisha ukatibu wa ujenzi, na baadaye na masomo ya kipaimara. Kila tulipompa alisema, "Haya, Padri." Sisi tukaona fahari. Tulisema huyu ndiye tutakayempeleka chuo cha theolojia.

Jioni moja alikuja nyumbani kwetu, akasimama langoni na baiskeli yake, hakutaka kuingia.

"Padri, silali," alisema.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu mavuno."

Ufunguo wa pikipiki ulikuwa mkononi, twaenda kikao cha baraza la kanisa, tena tulikuwa tumechelewa. Tukamwambia afunge siku tatu na kuomba, na Jumapili tungemwekea mikono. Akasema, "Asante, Padri," akageuza baiskeli. Jumapili hatukumwona. Ufunguo wa kanisa uliachwa kwa mama wa kwaya, umefungwa katika kitambaa.

Ilipita miezi minne ndipo tukasikia kwamba yuko Tororo, anapakua magunia. Tulimwendea. Tuliketi naye chini ya mwembe, tukanywa chai kwenye vikombe vya plastiki, naye akatueleza. Usiku ule alioondoka langoni petu alikwenda hadi daraja la mto Malaba, wala hakwenda ili avuke. Alipokuwa amesimama pale, dereva mmoja wa lori, ambaye gurudumu lake lilikuwa limepasuka, alimwita: "Kijana, njoo unishikie tochi." Akamshikia tochi, karibu saa nzima. Walipomaliza, dereva akawasha jiko lake dogo, akamimina chai, akamwuliza, "Wewe ni wa wapi, na mbona hulali?" Yule kijana akazungumza mpaka adhana ya alfajiri.

Dereva hakuwa mshauri nasaha. Ndiye lakini aliyemwambia, "Haya si ya kubeba peke yako, nenda hospitali." Huko Tororo muuguzi mmoja akampeleka kwa mshauri. Tulimwuliza huyo mshauri alimfanyia nini, maana sisi tulidhani kuna siri kubwa. Akacheka. Alisema siku ya kwanza alisikilizwa tu. Siku ya pili aliulizwa: katika kazi zako hizi sita, ni ipi uliyoiomba mwenyewe? Akazihesabu kwa vidole, hakuona hata moja. Siku nyingine aliulizwa: ukiiacha kwaya, nani atakufa? Hapo, alisema, ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Majuma yaliyofuata walizungumza juu ya baba yake, ambaye hakupata kumwambia hapana maishani mwake, na jinsi sisi, Padri wake, tulivyokaa mahali pa baba yule.

Tulimwomba msamaha chini ya mwembe ule. Tulimkosea kanisani, tukamwomba msamaha mafichoni. Usiku wa leo twamwomba tena, mbele yenu ninyi mnaosikiliza.

Zamani zile, mtu aliyejaribu kujiua na akanusurika aliweza kushtakiwa, kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba ya nchi. Hukumu ya watu vijijini haijabadilika upesi hivyo, wala ya watu wa kanisa. Tukumbuke basi Hesabu, mlango wa kumi na moja. Musa yule yule aliyekwisha kushauriwa na Yethro anamwambia Mungu kwamba mzigo umemshinda, na kama mambo ni haya afadhali auawe. Mungu hakumkemea. Alimwambia akusanye wazee sabini, nao wakapewa sehemu ya Roho ile ile wachukue mzigo pamoja naye. Basi hata mtu wa Mungu alihitaji msaada mara ya pili. Kwenda kwa mshauri si kama kupigwa chanjo, kwamba umekwisha na imetosha.

Wako ndugu watakaotuuliza: je, ushirika wa uamsho hautoshi? Uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulitufundisha kutembea nuruni, na wengi wetu tusingesimama madhabahuni leo bila ndugu wale. Hatusemi uachwe. Twasema mambo mawili tu. La kwanza, pale huungamwa dhambi, na si kila maumivu ni dhambi. Kijana wetu hakuwa na la kuungama; kosa lilikuwa letu. La pili, yasemwayo katika ushirika husikiwa na watu ishirini, na watu ishirini wana jamaa. Kiongozi atakwenda mara moja, kisha atajifunza kutubu mambo madogo madogo.

Sasa juu ya wale wanaochipuka. Kwa maoni yetu hapo ndipo kazi ya mshauri ina faida kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo tunapoitumia kidogo kabisa. Mti hunyoshwa ungali mche. Kiongozi wa miaka hamsini na mitano huenda kwa mshauri akiwa amekwisha kuvunjika, naye huficha. Kijana angeweza kwenda kabla ya kukalia kiti. Angeulizwa kwa nini akitaka. Angejizoeza kusema hapana mbele ya mtu ambaye hatamchukia kwa hapana hiyo. Angefundishwa kupokea sifa, maana sifa huwalevya vijana kuliko matusi. Angetazama nyumba aliyotoka, ukali wa baba au kimya cha mama, ajue ni nini atakachoingia nacho ofisini bila kukusudia. Na Yethro alisema wakuu wale wawe watu wauchukiao uchumi wa rushwa; hapa mpakani kijana wa namna hiyo ndiye wa kwanza kukosa usingizi, kwa maana wenzake humwona adui.

Sisi chuoni tulifundishwa Kiyunani, historia ya Kanisa, namna ya kuhubiri. Tulifundishwa pia uchungaji na namna ya kuwashauri wengine. Kushauriwa hatukufundishwa. Tulitoka tukidhani ni kazi ya upande mmoja. Lakini wenye ujuzi huo wenyewe hawafanyi hivyo: mshauri nasaha mwema ana mshauri wake anayemwendea, kwa kuwa mganga hajigangi. Twaona ingefaa kila anayeandaliwa kuwekewa mikono aketi na mshauri mara kadhaa kabla ya siku ile, na mara kadhaa katika mwaka wake wa kwanza, na mshauri huyo asiwe mwenye kumwandikia askofu taarifa. Hili la mwisho ni kubwa. Ikiwa anayelipa ni dayosisi, au shule, au chama cha wafanya biashara, iulizwe na ijibiwe kabla ya siku ya kwanza: ni nini kitakachofika ofisini? Jibu lifaalo ni kwamba amekuja au hakuja, basi.

Kuna vikwazo vya kweli, wala hatutaki kuvipita haraka. Malaba ni mji mdogo. Ukiegesha baiskeli mbele ya mlango wa mshauri, jioni watu wajua. Tena huenda mshauri ni mwimbaji katika kwaya yako, au dada wa mpinzani wako. Ikiwa hivyo, tafuta wa Bungoma au wa Tororo. Hakuna aibu kuvuka mpaka kwa ajili ya jambo hili, twavuka kwa ajili ya sukari. Wako pia waongo. Tangu mwaka wa 2014 Kenya ina sheria inayohusu washauri na wanasaikolojia, na iko Bodi ya kuwasajili. Una haki ya kumwuliza mtu kama amesajiliwa. Na ukimsikia yeyote akijigamba hotelini kwamba yeye ndiye anayemshauri mheshimiwa fulani, mkimbie. Huyo hajui habari ya Yethro kwenda zake.

Kikwazo kikubwa ni fedha. Hapa Zimbabwe imetufundisha kitu. Daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake aliyejiua kwa kuwa nauli ya kufika hospitali ilikosekana. Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza na bibi kumi na wanne, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kupanga hatua moja ya kutatua shida yake, wakiketi kwenye benchi nje ya kliniki. Ugonjwa walioushughulikia Washona huuita kwa neno lenye maana ya kuwaza sana, neno letu kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa na bibi wale walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Umoja wa Akina Mama wa kila parokia yetu una bibi wa namna hiyo, wasiopeleka maneno. Wao si badala ya mshauri aliyesomea. Mtu mwenye hatari apelekwe hospitalini. Lakini mshauri mmoja angeweza kuwafundisha kumi, na mshauri mmoja angeweza kuketi na viongozi vijana wanane pamoja, mara moja kwa mwezi, gharama ikagawanywa.

Yule kijana wetu alirudi upande huu. Hakurudi kuwa mwinjilisti, nasi hatukumshurutisha. Alinunua pikipiki kwa mkopo, na mwaka wa pili wenzake wakamchagua mwenyekiti wa steji. Safari hii alikubali kazi hiyo moja. Mwaka jana mmoja wa waendeshaji wake aligongwa na lori, akafa, na ilimpasa yeye kwenda kumwambia mama wa marehemu. Alikwenda. Kesho yake, kabla ya kupanga mazishi na michango, alivuka kwenda kwa mshauri wake Tororo. Alipokuwa njiani wenzake walimpigia simu wamwulize yuko wapi, naye akawaambia ukweli. Mwezi uliofuata saba kati yao walimwomba amlete mshauri yule stejini, na wakaketi naye chini ya mti, helmeti zimewekwa chini, pikipiki zimezimwa. Tuliwapita tukienda ibada ya jioni. Tulipunguza mwendo, lakini hatukusimama.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyemleta Yethro kambini pamoja na mke na watoto wa Musa, mkumbuke chifu asiyelala usiku wa leo, na mama mwenye simu isiyonyamaza, na mwalimu anayeogopa kesho. Mkumbuke kijana aliye darajani. Wape wanaosikiliza subira ya kutazama kutwa nzima kabla ya kusema. Na sisi tulioshika ufunguo wa pikipiki, tupe kukaa kidogo langoni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.